Kuandika Bila Vidole

"Nataka maji" ni herufi kumi. Mwenye vidole vyepesi huyaandika maneno hayo kwenye simu bila hata kutazama. Lakini yupo ambaye mtindio wa ubongo umemfunga ulimi na mikono yake haitulii, na yupo mzee aliyepigwa na kiharusi akabaki na kope na kidole kimoja. Watu hao huyapata maneno yao kwa kusubiri. Taa hupita juu ya herufi, safu baada ya safu, na wao hubonyeza swichi pale inapofika wanapopataka. Urefu wa kusubiri huko hautokani na maradhi peke yake. Sehemu yake kubwa iliamuliwa na watu waliokaa chini wakahesabu herufi, na herufi walizozihesabu zilikuwa za Kiingereza.

Katika vijiji vya Matemwe, pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, jambo hili lina uzito wake. Kigomani, Mbuyutende na Kijini ni mahali ambapo watu husalimiana kutoka baraza hadi baraza, samaki hunadiwa ufukweni kwa sauti, na wanawake wanaorudi na magunia ya mwani baada ya maji kupwa huzungumza njia nzima. Asiyeweza kusema hukaa katikati ya mazungumzo yote hayo, akizungumziwa. Mama yake au dada yake hujifunza kuyasoma macho yake, na kwa miaka mingi huyo ndiye mkalimani wake wa pekee. Siku akisafiri mkalimani, mtu anabaki bubu mara mbili. Simu janja, ambayo sasa imeenea hadi kwenye vijiji vya wavuvi, inaweza kumpa neno lake mwenyewe, ikiwa imepangwa kwa lugha anayoiwaza. Sehemu kubwa ya historia ya chombo hicho ilitokea mbali na Unguja, lakini baadhi ya milango yake iko Mji Mkongwe.

Mlango wa kwanza ni wa herufi za risasi. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, na mwaka uliofuata kitabu chake cha mwanzo cha kukusanya kanuni za Kiswahili kilipigwa chapa hapa hapa kisiwani. Waliofundishwa kuzipanga herufi ni vijana waliotolewa utumwani. Kazi yao ilikuwa ya mkono na jicho: mbele ya mpanga herufi kuna sanduku lenye vyumba, kila herufi na chumba chake, na zile zinazotumika sana huwekwa karibu na mkono na kupewa nafasi kubwa. Sanduku la Kiingereza huipa E chumba kikubwa kuliko vyote. Kiswahili kinataka kitu kingine. Neno "haraka" lina A tatu, "barabara" lina nne, "wanachama" nne pia, na hakuna hata E moja ndani yake. Kijana aliyepanga ukurasa wa Kiswahili alilijua hilo kwa uchovu wa mkono wake, muda mrefu kabla mtaalamu yeyote hajaliandika.

Mlango wa pili uko Shangani, humo humo Mji Mkongwe. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji na kufika Durban. Uingereza ilikuwa imeingia vitani na Wazulu mwanzoni mwa mwaka huo, na habari za kushindwa kwa jeshi lake Isandlwana zilichelewa mno kufika London. Waya huo ulipatikana kwa haraka kwa sababu hiyo. Jengo la simu la Shangani, ambalo leo ni hoteli ya Serena, ni kumbukumbu ya zama ambazo Unguja ilikuwa kituo cha ujumbe wa bahari hii.

Ujumbe huo ulikwenda kwa nukta na vistari vya Morse. Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, anasimuliwa kuwa alikwenda kwenye kiwanda cha chapa cha Morristown, New Jersey, akahesabu herufi zilizomo katika kila chumba cha sanduku. Kwa wingi huo ndivyo urefu wa alama ulivyogawiwa: E, iliyo nyingi kuliko zote katika Kiingereza, ikapata nukta moja, T ikapata kistari kimoja. A ni nukta na kistari. Kistari kina urefu wa nukta tatu, na kati ya alama mbili kuna kimya cha nukta moja, kwa hiyo A moja inachukua muda wa nukta tano, na E inachukua muda wa nukta moja tu. Kila "haraka" iliyotumwa kwa vipimo hivyo ilibeba hasara hiyo mara tatu. Hakuna aliyekusudia kuwadhulumu Waswahili. Ni kwamba hawakuwemo katika hesabu.

Wafanyabiashara wa zama hizo walijua njia nyingine ya kuokoa muda. Telegrafu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo vilitungwa vitabu vya mafumbo ya biashara ambavyo neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima. Kitabu cha William Clauson-Thue kilitoka mwaka 1873 na kilienea dunia nzima. Neno moja liliweza kumwambia wakala aliye ng'ambo kuwa meli imeondoka, bei imeshuka, asinunue mpaka aarifiwe. Wanawake wa pwani wana hekima kama hiyo katika kanga: mwanamke huchagua jina la kanga, hulivaa, akapita mbele ya mlango wa jirani, na sentensi nzima imefika bila mdomo kufunguliwa. Kuchagua kitu kimoja kukatoka maneno mengi ndiyo kanuni ambayo karne moja baadaye ilitumika kwenye mashine za watu wasioweza kusema. Mtu anabonyeza picha moja, na mashine inasema salamu yote.

Mashine zenyewe za kuandika zilizaliwa na ulemavu, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea Carolina Fantoni, mwanamke aliyekuwa haoni, mashine ya kuandikia barua peke yake bila kumsomea karani siri zake. Barua zake za mwaka 1808 na kuendelea zimehifadhiwa hadi leo. Nchini Denmark, Rasmus Malling-Hansen alikuwa mkuu wa skuli ya viziwi ya Copenhagen. Aliona wanafunzi wake wakitaja herufi kwa vidole kwa kasi kuliko mtu aandikaye kwa kalamu, akajiuliza kwa nini wino ubaki nyuma ya vidole. Mashine yake, iliyoanza kuuzwa mwaka 1870, ilikuwa kama nusu ya mpira wa shaba uliochomwa vibonye. Irabu ziliwekwa upande wa kushoto, konsonanti upande wa kulia, na herufi zitumikazo sana zilipewa vidole vyenye kasi. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, macho yalipoanza kumsaliti, alinunua moja mwaka 1882.

Utaratibu wa Malling-Hansen, irabu huku na konsonanti kule, ungekifaa Kiswahili kuliko ulivyoifaa lugha yake. Lakini dunia ilifuata taipureta ya Remington na mpangilio wa QWERTY, na mpangilio huo ndio uliokuja Afrika Mashariki kwenye meza za makarani. A ikaangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote.

Kwa mtu asiye na vidole vya kutumia, hatua kubwa ilipigwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reg Maling alikuwa akiwatembelea wagonjwa waliovunjika shingo, na aliona kwamba baadhi yao hawakuwa na chombo chochote cha kuiita dunia isipokuwa filimbi ya kumwita muuguzi. Pumzi ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuipa kazi. Akabuni POSSUM, mashine ya kuendeshwa kwa kuvuta na kupuliza hewa kwenye mrija: kwa pumzi mgonjwa aliwasha taa, akapiga kengele, akachapa barua kwa taipureta ya umeme. Ubao wa taa zinazopita, anaousubiri leo mtu aliyetajwa mwanzoni, ni mjukuu wa mashine hiyo.

Wapo walioandika bila mashine kabisa. Mwandishi wa habari wa Ufaransa, Jean-Dominique Bauby, alipigwa na kiharusi mwezi Desemba 1995 na kubaki na kope ya jicho la kushoto tu. Msaidizi wake alimtajia alfabeti, naye alipepesa jicho ilipofika herufi aliyoitaka. Alfabeti hiyo haikuanza na A, B, C. Ilianza na E, S, A, R, I, N, kwa wingi wa herufi katika Kifaransa. Kitabu kizima kilitoka kwa njia hiyo na kilichapishwa mwaka 1997, siku chache kabla hajafariki. Gharama ya chombo chake ilikuwa karatasi na uvumilivu wa mtu wa pili, na kwa kisiwa chenye wataalamu wachache wa tiba ya usemi, mfano huu una faida kuliko mashine yoyote ya thamani.

Stephen Hawking anajulikana zaidi. Sauti yake ilipotea mwaka 1985 alipopasuliwa koo kwa ajili ya kichomi. Mwanzoni alitaja herufi kwa kuinua nyusi mbele ya kadi. Kisha Walt Woltosz wa Marekani alimpelekea programu iitwayo Equalizer, iliyomwezesha kuchagua maneno kwa kubonyeza swichi ya mkononi, na Hawking alisema iliweza kumpa kiasi cha maneno 15 kwa dakika. Mkono ulipodhoofika akahamia msuli wa shavu, uliosomwa na kifaa kwenye miwani. Kasi ilishuka mpaka karibu neno moja kwa dakika. Mwaka 2014 kampuni ya Intel ilimtengenezea mfumo mpya, ukisaidiwa na programu ya SwiftKey iliyojifunza kutokana na vitabu na mihadhara yake mwenyewe. Hili la mwisho ndilo la kushikwa: mashine ilikwenda mbio kwa sababu ilifundishwa lugha ya mtu yule.

Simu za kila mtu nazo zina deni katika hadithi hii. T9, ile iliyokisia neno kutokana na vibonye tisa vya simu ndogo za miaka ya 1990 na 2000, ilibuniwa na kina Martin King na Cliff Kushler, waliokuwa wakishughulika na vyombo vya mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Kushler alirudi tena na Randy Marsden, mtaalamu mwengine wa fani hiyo hiyo, wakabuni Swype, kuandika kwa kuburuza kidole juu ya kibodi bila kukiinua. Kijana wa Matemwe anayeburuza kidole kuandika ujumbe anatumia kitu kilichofikiriwa na watu waliozoea kukaa karibu na wasioweza kubonyeza. Morse yenyewe ilirudi mwaka 2018 katika kibodi ya Google ya simu, kwa msaada wa Tania Finlayson, Mmarekani mwenye mtindio wa ubongo ambaye amezungumza kwa nukta na vistari tangu utotoni.

Kazi iliyokuwa ya ujasiri kuliko zote labda ni Dasher ya David MacKay na David Ward wa Cambridge. Hakuna vibonye. Herufi zinakuja kutoka upande wa kulia wa kioo, na mwandishi anaziendea kwa jicho au kwa kidole. Herufi ambayo lugha inaitarajia huja ikiwa pana, rahisi kuingia. Isiyotarajiwa huja nyembamba. Mwaka 2002 waliandika katika jarida la Nature kwamba baada ya saa moja ya mazoezi mtu aliweza kufikia maneno 25 kwa dakika kwa kutumia macho tu. Programu hiyo ilitolewa bure. Upana wa herufi zake hautoki kwenye Kiingereza wala lugha nyingine yoyote ya lazima: hutoka kwenye maandishi yoyote inayolishwa. Ukiilisha Kiswahili, inazungumza Kiswahili.

Kinachopotea pale mashine inapolishwa lugha ya wengine kinaweza kupimwa kwa penseli. Tuchukue ubao wa safu zenye herufi tano tano, na taa inayoshuka safu kwa safu, kisha ikapita ndani ya safu iliyochaguliwa. Herufi ya kwanza ya safu ya kwanza inagharimu hatua mbili, moja ya safu na moja ya herufi. Ya tatu katika safu ya tatu inagharimu sita. Ubao ukifuata A, B, C, D kama ulivyo ukutani skuli, "nataka maji" inachukua hatua 47. Ukipangwa kwa wingi wa herufi za Kiingereza, yaani E kwenye nafasi ya hatua mbili, T na A kwenye za hatua tatu, O, I na N kwenye za hatua nne, na kuendelea, hatua zinakuwa 45. Kazi yote ile ya kuhesabu magazeti ya Kiingereza imemwokolea mtu wetu hatua mbili, na kwa neno "maji" peke yake haikumwokolea hata moja: 21 huku, 21 kule. Sasa, kwa utaratibu huo huo, iwekwe A kwanza, I na N baada yake, halafu U, K na W, halafu M, E, H na L, kisha O, T, Y, S na Z, na zilizobaki nyuma, J ikiwa miongoni mwa za mwanzo wake. Hatua zinashuka hadi 36. Taa ikitua sekunde moja kwa kila hatua, zimeokolewa sekunde 11 katika maneno mawili, ukilinganisha na ubao wa A, B, C. Kwa siku nzima ya mazungumzo hiyo ni tofauti kati ya mtu kusema na mtu kukata tamaa.

Na bado Kiswahili hakijatoa faida yake kubwa. Silabi zake kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Mtu akishachagua N, mashine yenye akili kidogo ingemletea hapo hapo kisafu kifupi cha A, I, U, E, O, bila kumrudisha kwenye ubao mzima. Kwa njia hiyo, herufi zikiwa pale pale, "na-ta-ka ma-ji" inakuwa hatua 31. Panahitajika tundu la kutokea kwa ajili ya mw, ny, sh, ng' na wenzao. Jina la Matemwe lenyewe lisingeandikika bila tundu hilo. Kibonye kimoja cha ziada mwishoni mwa kisafu kinatosha.

Njia hii si ngeni kisiwani hata kidogo. Kabla ya herufi za Kirumi kuingia maskulini, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mtoto wa chuoni mpaka leo huanza kusoma kwa kuiunga herufi na irabu yake: ba kwa fat-ha, bi kwa kasra, bu kwa dhuma. Mwalimu wa darasa la kwanza naye huimbisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto wa Matemwe aliyekaa chuoni pamoja na wenzake, hata kama hakuweza kutamka, amesikia silabi zikiungwa tangu utotoni. Ubao wa taa unaofuata silabi ungemkuta pale alipo. Ubao unaofuata tahajia ya Kiingereza humtaka aanze upya.

Kukisia maneno ni sura nyingine. Programu nyingi hukisia kwa kushika orodha ya maneno mazima yanayotumika sana. Kiingereza kinavumilia njia hiyo kwa kuwa kitenzi chake kina sura chache. Kitenzi cha Kiswahili hakikai kwenye orodha. Kutoka "piga" peke yake huja nimekupigia, hawajatupigia, atakayewapigia, tusipopigiwa, na kadhalika bila ya mwisho unaoonekana. Orodha inaishika sura moja na kuikosa ya pili, na mwandishi mwenye swichi moja hulazimika kuzipita herufi zote.

Dawa imo katika sarufi yenyewe. Katika kitabu cha Steere cha mwaka 1870 viambishi vya kitenzi vimeshapangwa kwa mafungu: nani anatenda, lini, nani anatendewa. Kila fungu lina machaguo machache: ni, u, a, tu, m, wa, kisha na, li, ta, me, kisha ku, m, tu, wa. Mashine ingeleta fungu moja moja badala ya maneno mazima, na mtu angejenga "nimekupigia" kwa machaguo manne: ni, me, ku, pigia. Kwamba kompyuta inaweza kukivunja kitenzi cha Kiswahili kwa mtindo huo kulionyeshwa zamani na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza miaka ya 1980 kuunda programu za kuchambua maneno ya Kiswahili, na hazina ya maandishi ya Kiswahili ya Helsinki imefika mamilioni ya maneno. Hazina kama hiyo ilikusanywa kwa ajili ya wanaisimu. Faida yake kwa mtu wa swichi moja haijatajwa vya kutosha, na inastahili kutajwa kwa sauti.

Si kila asiyesema anajua kusoma, na hapa ndipo mipango mingi ya kifahari hukwama. Mtoto ambaye hakupelekwa skuli kwa sababu haongei hana haja na hesabu ya A na E. Anahitaji picha, vitu na ishara kwanza. Mwaka 1971 wataalamu wa kituo cha watoto wenye ulemavu Toronto, wakiongozwa na Shirley McNaughton, walizichukua alama za Charles Bliss, mtu aliyenusurika kambi za Wanazi akatunga maandishi ya picha kwa matumaini ya kuwapatanisha watu wa lugha mbalimbali. Watoto waliodhaniwa hawana la kusema walianza kusema kwa kuelekeza kidole, ngumi au macho. Wengi wao baadaye walivuka kwenda kwenye herufi.

Mfano ulio karibu na Unguja unatoka Kilifi, pwani ya Kenya. Karen Bunning na Joseph Gona, pamoja na wenzao, waliwafuata majumbani watoto wenye matatizo makubwa ya mawasiliano na walezi wao, wakawafundisha kutumia ishara, vitu na picha katika shughuli za kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliwauliza walezi jinsi walivyomwona mtoto kabla na baada. Kufanyia kazi nyumbani, kwa vitu vilivyomo nyumbani, na kumweka mlezi kuwa mwalimu, ni mpango unaoweza kuvuka bahari hadi Kijini bila kubadilishwa sana. Tiba ya usemi ni taaluma changa katika eneo hili. Shahada yake ilianza kufundishwa Makerere, Uganda, mwaka 2008. Kijiji kikingoja mtaalamu, kitangoja.

Kwa upande wa haki, karatasi zipo. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianzishwa mwaka 1985 na umepigania mambo haya kwa muda mrefu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Haki na Fursa, Nam. 9, ilipitishwa Zanzibar mwaka 2006. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unapotaja mawasiliano hautaji sauti peke yake: nukta nundu, maandishi na njia mbadala za kusema zote zimo. Wasioona wamepata njia yao mapema zaidi, kwa kuwa Louis Braille aliwaachia mfumo unaofaa lugha yoyote na mashine ya Perkins ya mwaka 1951 huandika herufi nzima kwa kubonyeza vibonye vyake sita kwa pamoja. Mtu asiyesema na asiyeweza kutumia mikono hana chombo kimoja kama hicho cha kukabidhiwa. Chake lazima kikatwe kwa kipimo chake.

Na kipimo hicho kina lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiunguja kilichokusudiwa ni cha Mjini. Kaskazini ya kisiwa watu wana mazungumzo yao, yaliyo karibu na Kitumbatu, na simu inayokisia kwa Kiswahili cha magazeti huyaona maneno yao kama makosa ya kusahihishwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limetoa makamusi ya Kitumbatu, Kimakunduchi na Kipemba. Makamusi hayo yanaeleza maana ya maneno. Wingi wa herufi na silabi katika mazungumzo ya kila siku ni hesabu nyingine. A bila shaka itabaki mbele. Lakini ni silabi zipi zinafuata mtu anapoomba chai, anapomtania binamu yake, anapokataa kulishwa, anapouliza kama baba amerudi baharini, hilo litajulikana kwa kuandika yanayosemwa barazani Kigomani na kwenye mashamba ya mwani, na kumwonyesha atakayeutumia ubao aseme yepi yake na yepi si yake. Kazi hiyo inahitaji daftari, wiki kadhaa, na vijana wawili watatu wa Matemwe wanaojua kusikiliza. Ubao wenyewe unaweza kuanza kwa kipande cha kadibodi na kidole cha dada kinachopita juu ya herufi, ndugu yake akipepesa jicho.